Mdogo wangu anaitwa "mkimbizi" kwenye grupu la darasa chuoni: ajibu, anyamaze au ashitaki?

#1 Mwana wa Mishamo
Wakuu, habari zenu. Naomba mawazo ya waliopita vyuoni na wanaojua sheria.

Mdogo wangu wa kike yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa nchini, sitakitaja. Kwetu ni Mishamo, Katavi. Babu alivuka mpaka mwaka 1972 akikimbia mauaji ya Burundi, baba akiwa mtoto mdogo. Sisi tumezaliwa hapa, tumesoma shule za kata hapa, na uraia tulipewa pamoja na wenzetu zaidi ya 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Vyeti vilitolewa 2014.

Orodha ya mikopo ilipotoka, kuna mtu aliandika kwenye grupu la WhatsApp la darasa kwamba "wakimbizi wanakula bumu la Watanzania", yaani fedha za mkopo wa chuo. Hakutaja jina ila kila mtu alijua anasemwa nani. Wiki hiyohiyo picha ya wasifu ya mdogo wangu ikageuzwa stika yenye maneno ya kumwambia arudi kwao. Ikafuata nyingine ya matusi juu ya mwili wake, siwezi kuiandika hapa. Sasa hivi akiuliza tu kipindi ni saa ngapi, anarushiwa stika mfululizo. Grupu lina watu zaidi ya mia mbili na hakuna hata mmoja aliyesema acheni. CR, yaani kiongozi wa darasa, yumo, kimya. Binti ameacha kwenda kantini, na darasani anakaa karibu na mlango ili atoke wa kwanza.

Mimi nasema ashitaki. Mama anasema avumilie amalize, kwamba kelele zitakuja kutuletea maneno ya uraia upya. Mwenyewe anataka kujitoa grupuni, lakini ratiba na tarehe za majaribio zote zinatangazwa humohumo.

Mnashauri nini? Na kwa nini mtu aliyefika chuo kikuu anamfanyia mwenzake hivi?

#2 Kijana wa Buguruni
Pole sana kwa dada. Naweka kambi hapa nisome michango.

#3 Mtemi wa Kasulu
Mkuu, mimi ni Muha, kabila la Kigoma mpakani na Burundi, vizazi vyote vya Kasulu, na bado chuoni niliitwa Mrundi tangu wiki ya kwanza. Watu wanadhani ni utani wa makabila. Utani una pande mbili: mimi namtania Mnyamwezi, yeye ananitania, tunacheka wote, na kwenye msiba tunasaidiana. Hili la kumwambia mtu si wa nchi hii halina jibu la utani. Nitamjibu nini, nimwambie na yeye si Mtanzania?

Kwa maoni yangu chanzo hakiko chuoni. Kiko barabarani. Aliyewahi kupanda basi la Kigoma anajua: ukaguzi ukifika, kuna sura na lafudhi zinazoulizwa jina la babu na kijiji cha bibi, na kuna wanaoachwa wamelala. Abiria wengine wanatazama. Vijana wanaukuta huo mgawanyo tayari, wakifika chuo wanaupeleka kwenye grupu.

#4 Mtulivu wa Tegeta
Ushauri wangu ni mfupi. Anyamaze, awazuie wote wanaomtukana, amwombe rafiki mmoja amtumie matangazo. Nimeona kesi za vyuoni: unashitaki, wanaitwa, wanaomba msamaha, halafu mwaka mzima uliobaki unaishi nao hosteli moja. Digrii ndiyo jibu lake.

#5 Bi Zuwena wa Mkunazini
Mwanangu #4, nimekusoma, lakini hujamtazama huyo binti. Keshaacha kula. Keshakaa mlangoni. Huko kunyamaza unakomwambia yumo ndani yake tayari, na hakujamsaidia kitu.

Mwanangu mleta uzi, kabla ya sheria na kabla ya chuo, nenda ukamwone. Usimpigie simu tu. Kaa naye, ule naye, umuulize analala vipi. Na hofu ya mama yenu usiidharau, maana yeye ndiye aliyebeba makaratasi ya kambi mkononi. Mweleweshe taratibu.

#6 Mzee wa Mlimani
Bi Zuwena amegusa penyewe. Mimi niliingia Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 80, na niliyoyaona wakati ule yananifanya niandike hapa leo.

Kulikuwa na kitu kinaitwa Mzee Punch. Karatasi zilibandikwa ukutani usiku, asubuhi watu mnajaa kusoma. Waliotutangulia walisema zamani Punch ilikuwa ya kuwasema wakubwa wa chuo na viongozi. Sisi tulipofika ilikuwa inawawinda wasichana. Binti akimkataa mtu, au akijibu vizuri mno darasani, anachorwa uchi, anaandikiwa mambo ya uongo, jina lake linabaki ukutani. Adhabu kubwa haikuwa ile karatasi. Adhabu ilikuwa kwamba ukionekana unaongea naye, kesho unaandikwa wewe. Kwa hiyo wote mnamkwepa. Anaingia kantini, meza inahama.

Mwaka 1990, mwezi wa Februari, Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alijiua baada ya kusumbuliwa kimapenzi na kutishiwa kuandikwa Punch. Watu walijua. Taarifa zilikuwapo kabla.

Ninaposoma kwamba grupu lina watu mia mbili na wote kimya, naiona ile kantini. Mkuu #1, usingoje.

#7 Chaurembo
Mzee wa Mlimani, asante kwa historia. Si ndiyo ile iliyofanya chuo kifungwe, na akina mama wakaanzisha TAMWA, kile chama cha wanahabari wanawake, kwa sababu yake?

#8 Nyakato
#7, umechanganya mambo matatu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa Mei 1990 kwa sababu ya mgomo wa wanafunzi na mvutano wao na serikali, hilo ni jambo jingine. TAMWA ilianzishwa 1987, kwa hiyo ilikuwapo tayari. Ilichofanya ni kulisimamia suala la Levina kwa nguvu, pamoja na wanawake wengine ndani na nje ya chuo, na kulitoa kwenye minong'ono ya kampasi likawa la nchi nzima. Punch ikapigwa marufuku. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 ilitokana na miaka ya kampeni ya aina hiyo.

Halafu kitu ambacho huwa kinasahaulika: kuna wanafunzi wa kike waliokuwa wanapinga Punch kabla ya kifo kile, wakaambiwa hawana uvumilivu. Neno lilelile la #4.

#9 Mtulivu wa Tegeta
Dada Nyakato, sijasema hana uvumilivu. Nimesema achague vita ya kupigana. Nina binti wa umri huo.

#10 Wakili wa Mtaani
Nimeitwa na mtu kwenye uzi huu, haya. Nitaongea sheria tu.

Katiba, ibara ya 13, inakataza ubaguzi kwa misingi ya utaifa, kabila, mahali mtu alipotokea, dini, rangi, jinsia na kadhalika. Hiyo ni msingi, lakini huendi nayo polisi.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ndiyo unayokwenda nayo. Kifungu cha 23 kinazungumzia kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumsababishia maumivu ya moyo. Adhabu yake ni faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Kifungu cha 18 kinahusu kumtukana mtu mtandaoni kwa sababu ya asili yake, utaifa, rangi au dini.

Ile stika ya mwili ni ya kuangaliwa tofauti. Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha 138D cha udhalilishaji wa kijinsia, na kile kina ukomo: lalamiko lipelekwe ndani ya siku 60. Wengi wanakuja kwangu muhula umekwisha.

Ushahidi: asifute kitu. Skrinshoti peke yake zinabishaniwa, kwa hiyo simu yenyewe ibaki na ujumbe wake halisi, namba zionekane, tarehe zionekane. Ahamishe mazungumzo yote ya grupu kuwa faili na ampe mtu mwingine nakala. Asijitoe grupuni kabla ya hapo. Akifika kituoni ahakikishe anapewa namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yake polisi.

#11 Mzalendo Halisi
Mnakuza mambo. Mkimbizi siyo tusi, ni hali ya mtu. Na swali la nani anapata mkopo ni halali. Kuna watoto wa wakulima wa Newala na Singida wamekosa bumu, wazazi wao hawajawahi kuvuka mpaka wowote. Kuuliza hilo siyo chuki.

#12 Mtemi wa Kasulu
#11, uliza Bodi ya Mikopo. Ina ofisi, ina dirisha la rufaa kila mwaka. Aliyeandika grupuni hakuiuliza Bodi kitu. Alimuelekezea kidole binti mmoja mbele ya watu mia mbili. Na binti ni raia, ana haki ileile ya mtoto wa Newala.

#13 Nyakato
Na ile stika ya pili nayo ilikuwa inauliza kuhusu mkopo?

#14 Msimamizi wa Jukwaa
Wakuu, mjadala ni huru, ila atakayetaja jina la binti, chuo au namba ya mtu atafutiwa mchango wake. Tuendelee.

#15 Otieno wa Kondele
Hamjambo ndugu zangu wa Bongo. Niwape ya Kenya, labda itasaidia.

Sisi tulipitia moto wa vurugu za baada ya uchaguzi, 2007 na 2008, ndipo tukapata sheria ya uwiano na utangamano ya mwaka 2008 na ile tume yake, NCIC. Kifungu cha 13 kinasema matamshi ya chuki ni kosa, faini hadi shilingi milioni moja au miaka mitatu jela. Sheria imeandikwa vizuri. Lakini kwa kampasi, nilichoona mimi ni kwamba chuki ilikuwa inapanda kila uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi. Makabila yanakaa vikao usiku, yanagawana viti, na ukipigia kura rafiki yako wa kabila lingine unaitwa msaliti. Mwaka 2016 sheria ya vyuo vikuu ikabadilishwa, wanafunzi wakaanza kuchagua wajumbe ambao ndio wanawachagua viongozi, ili kupunguza fujo hizo. Vurugu za uwanjani zilipoa kiasi. Vikao vya usiku vilihamia kwa simu.

Kwa hivyo swali langu kwa #1: kuna uchaguzi karibu? Angalia aliyeanzisha yale maneno anagombea nini.

#16 Chaurembo
Jirani karibu, ila huo ukabila ni wenu. Sisi Mwalimu alitumalizia hilo zamani, JKT tulilala bweni moja Mchaga na Mmakonde.

#17 Otieno wa Kondele
Chaurembo, nakubali mlitushinda kwa hilo, na nawaheshimu. Lakini rudi ukasome #1 tena, huyo binti haishi Kisumu.

#18 Mtemi wa Kasulu
😂 Jirani kapiga kwenye mshono.

Kweli wakuu, hii ya "sisi hatuna ukabila" inatufanya tusiwe na la kufanya ukitokea. Ukilalamika unaambiwa wewe ndiye unaleta ukabila.

#19 Dada wa Ilala
Swali kwa #1: kuna mvulana aliyekataliwa hapo katikati? Maana matusi ya mwili huwa yana historia.

#20 Mwana wa Mishamo
Nawashukuru wote, nimesoma kila mchango.

#15, ndiyo, uchaguzi wa serikali ya wanafunzi upo muhula huu, na aliyeanza yale ya bumu yuko kwenye timu ya mgombea mmoja. Mdogo wangu alikuwa ameombwa kugombea ubunge wa kitivo chao, hakujibu bado.

#19, nilimuuliza jana usiku baada ya kusoma swali lako. Ndiyo. Kuna mmoja alimfuatafuata mwaka wa kwanza, akamkatalia. Yeye ndiye aliyetengeneza ile stika ya pili, kwa mujibu wa mwenzake wa chumbani. Lakini huyo siye aliyeandika ya mikopo. Ni watu wawili tofauti.

#21 Dada wa Ilala
Nilijua. Basi hili ni jambo la mapenzi, ukabila umetumika kama fimbo tu. Alichotafuta yule kijana ni mahali pa kumchapia, akakuta wenzake wameshampa.

#22 Mzee wa Mlimani
#21, na mimi ningeweza kukubali, isipokuwa wale wengine wanaorusha stika kila siku hawakukataliwa na mtu. Punch pia ilianza kwa aliyekataliwa, ila waliojaa ukutani asubuhi hawakuwa na kisa chochote naye.

#23 Ng'wana Sengerema
Mimi nadhani ni njaa. Msinipige mawe. Nilimaliza miaka ya karibuni. Orodha ya mikopo ikitoka, kampasi inabadilika: huyu kapata asilimia zote, huyu kapata nusu, huyu hakupata kabisa na baba yake ameuza ng'ombe. Watu wanalala wawili kitanda kimoja, wanakula mlo mmoja. Ndani ya siku hizo mtu anatafuta wa kumlaumu, na asiye na ndugu wengi pale chuoni ndiye anayebebeshwa. Mwaka wetu waliobebeshwa walikuwa wa dini fulani. Mwaka uliofuata, waliosoma shule binafsi.

Siwatetei. Nasema bumu likichelewa tena, hata mkifukuza hawa wawili, watatokea wengine.

#24 Nyakato
Lakini Ng'wana, wasichana nao wana njaa. Mbona hawatengenezi stika za miili ya wavulana?

#25 CR Mstaafu
Nilikuwa CR miaka mitatu, grupu letu lilikuwa la watu 180. Ya kwetu haikuwa ya uraia, ilikuwa mwenzetu mwenye ualbino. Maneno ya ovyo yalianza kama mzaha wa jua na kofia, yakafika kwenye biashara ya viungo. Mnajua hii nchi imepitia nini kwa watu wenye ualbino, lile halikuwa jambo la mzaha hata kwa dakika moja.

Nilichofanya: nilifunga grupu, wasimamizi tu ndio wanaweza kuandika. Nikaandika ujumbe mmoja kwamba nimehifadhi kila kitu na majina ninayo. Halafu nikafungua grupu la pili la maongezi, asiyetaka asiingie. La matangazo likabaki safi mpaka tunamaliza. Walinitukana kwamba najifanya mwalimu wa zamu. Sawa. Lakini mwenzetu aliweza kusoma ratiba bila kutetemeka.

Yule CR wa dada ana kitufe mkononi mwake. Kwangu mimi hana sababu yoyote ya kutokukibonyeza. Mwandikieni leo, kwa maandishi, ili akikataa ibaki rekodi.

#26 Kijana wa Buguruni
CR Mstaafu umenena. Hii ya grupu la matangazo peke yake mbona rahisi.

#27 Mtulivu wa Tegeta
Hiyo naikubali kabisa. Ni suluhisho lisilompeleka mtu polisi.

#28 Wakili wa Mtaani
Linazuia stika mpya. Zilizokwisha kusambaa zipo kwenye simu za watu mia mbili. Na picha ni yake, imetumiwa bila ridhaa; siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 pia.

#29 Mswahili wa Bengaluru
Nimesoma India, nilikuwepo 2016. Tarehe 31 Januari mwaka ule, Bengaluru, raia wa Sudan aligonga na kuua mwanamke kwa gari. Muda kidogo baadaye akapita binti Mtanzania, mwanafunzi, na wenzake, hawahusiki na ajali kabisa. Umati ukawashusha, ukawapiga, ukamchania binti nguo, ukachoma gari. Kosa lao ni rangi tu. Mwaka uliofuata ikaja Greater Noida, wanafunzi wa Kiafrika wakapigwa tena kwa uvumi.

Nawakumbusha kwa sababu wakati ule nchi nzima hapa ilikasirika. Serikali ilipeleka malalamiko yake, watu mitandaoni waliandika kwa uchungu, na India watu walikamatwa, hata askari wakasimamishwa kazi. Hakuna aliyesema yule binti avumilie amalize digrii.

Kwetu kule kilichosaidia wiki za mwanzo hakikuwa ubalozi. Tulipanga zamu ya kutembea pamoja. Kwenda maktaba wanne, kurudi wanne. Wahindi wawili wa darasa letu wakajiunga, wakawa wanatembea mbele. Hao wawili walitusaidia kuliko barua zote.

#30 Mzalendo Halisi
Kule walipiga watu. Hapa ni stika. Msifananishe.

#31 Mswahili wa Bengaluru
Kule pia miaka kabla ya kipigo yalikuwa majina. Tulikuwa tunaitwa barabarani kila siku.

#32 Mwalimu wa Mihadhara
Nafundisha chuo kikuu na nimekaa kwenye kamati ya nidhamu. Naomba niseme kinachotokea ndani, maana wengi mnasema "ashitaki chuoni" bila kujua.

Lalamiko la mdomo kwa Mshauri wa Wanafunzi linasikilizwa na kupoa. Linaloanza kutembea ni la maandishi: nani, lini, wapi, nini, mashahidi nani, limesainiwa, na mlalamikaji amebaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mtuhumiwa ana haki ya kusikilizwa, hilo ni sawa na lazima. Kesi nyingi hufa kwenye mashahidi. Watu kumi waliahidi, siku ya kikao anakuja mmoja, wengine "wana sapu", yaani mitihani ya marudio. Mwenzake wa chumbani aliyejua nani katengeneza ile stika ana thamani kubwa kuliko skrinshoti. Aandike maelezo yake sasa.

Pili, tangu 2021 serikali imeelekeza vyuo viwe na Dawati la Jinsia. Stika ya mwili ipelekwe huko. Ya uraia ipelekwe kwa Mshauri wa Wanafunzi chini ya sheria ndogo za wanafunzi. Mkiyaweka kwenye barua moja, ofisi zitarushiana.

#33 Binti wa Mabibo
Mwalimu #32, kwa heshima zote. Mimi nilikwenda dawatini chuoni kwetu. Niliyemkuta alikuwa mtu mzuri, lakini kiti chake kipo ofisi moja na mhadhiri anayemfundisha aliyenisumbua. Nilisimulia nikiwa natazamwa. Sikurudi.

#34 Mwalimu wa Mihadhara
Binti, pole. Hilo haliruhusiwi kuwa hivyo, na wewe haukukosea kutokurudi. Unayo haki ya kuomba usikilizwe mahali pa faragha, na na mtu wa jinsia unayotaka.

#35 Chaurembo
Hapa ndipo ninaposema tatizo ni wahadhiri wenyewe. Mwaka 2018 mhadhiri wa UDSM si aliandika Twitter kwamba rushwa ya ngono imekithiri, na TAKUKURU wakaja kufanya utafiti UDSM na UDOM? Mwanafunzi akiona mkubwa anafanya, naye anajifunza.

#36 Nyakato
Ni kweli hayo yalitokea, na rushwa ya ngono ina kifungu chake, cha 25 cha sheria ya rushwa ya 2007. Lakini pale kuna maksi zinauzwa. Hapa hakuna maksi, ni wenzake wa darasa. Tusiuhamishe uzi.

#37 Chaurembo
Sijahama, nimefafanua chanzo. Samaki huoza kuanzia kichwani.

#38 Mtemi wa Kasulu
Wakili, swali. Ile sheria ya mtandao si ndiyo waliyokamatiwa watu kwa kuikosoa serikali? Mimi inanipa wasiwasi kumpeleka kijana wa miaka 21 kwenye miaka mitatu kwa stika, hata kama amenikera mimi binafsi.

#39 Wakili wa Mtaani
Unachokumbuka wewe ni zaidi kifungu cha 16, cha taarifa za uongo. Cha 23 ni kingine. Lakini hoja yako ya uwiano ni nzito na sina jibu jepesi. Hakimu anaweza kutoa faini peke yake, ila milioni 5 kwa mwanafunzi ni kuuza shamba la baba. Kwa hiyo wengi huishia kwa maelewano kituoni.

#40 Nyakato
Na maelewano kituoni maana yake binti anaombwa amsamehe mbele ya askari, wazazi wa kijana wamekuja na nauli ya kutoka mkoani, mama analia. Nani atakataa? Mimi nataka adhabu ya chuo: asimamishwe muhula, darasa zima lijue kwa nini.

#41 Bi Zuwena wa Mkunazini
Na mimi nataka yule kijana aitwe na wazee wake, aambiwe alichofanya mbele ya mama yake mzazi. Kuna watu hawaogopi jela wala kamati, wanaogopa mama asisikie. Wanangu, msiidharau hiyo.

#42 Nyakato
Bi Zuwena, nakuheshimu sana. Ila wapo ambao mama ndiye atakayesema "huyo binti alikutaka nini".

#43 Bi Zuwena wa Mkunazini
Wapo. Siwezi kubisha.

#44 Mwana wa Mishamo
Wakuu, nimefika chuoni kwake tangu asubuhi, nimekula naye. Bi Zuwena, halali vizuri, na alinieleza mambo ambayo kwenye simu hakuyasema. Tumekubaliana leo analala kwa shangazi, siyo hosteli, na mwenzake wa chumbani amekuja naye.

Faili la grupu tumelihamisha, nakala ninayo mimi na Wakili nimekutumia faragha. Barua tunaandika mbili kama alivyosema Mwalimu. Mwenzake wa chumbani amekubali kuandika maelezo yake. CR nimemwandikia kuhusu kufunga grupu, ameona, hajajibu.

Polisi bado. Mama hataki kabisa, na mdogo wangu naye anasita, anasema hataki mtu afungwe kwa ajili yake, anataka tu waache. Siku 60 za ile stika ya pili bado hazijaisha, nimeziandika.

Kuhusu ubunge wa kitivo, ameniuliza mimi kama achukue fomu. Sikujua nimwambie nini.

#45 Otieno wa Kondele
Achukue! Ndicho wanachokiogopa.

#46 Mtulivu wa Tegeta
Asichukue sasa. Watamgeuza bango la kampeni. Apone kwanza.

#47 CR Mstaafu
Aulizwe yeye. Halafu #1, CR asipojibu hadi kesho jioni, nenda kwa mratibu wa kozi na ujumbe wako ukiwa kwenye simu. Mratibu anaweza kuamuru matangazo yapitie njia nyingine.

#48 Dada wa Ilala
Mwenzake wa chumbani alindwe na yeye. Akishaandika yale maelezo, zamu inayofuata ni yake. Kuna mtu hapa yuko chuo hichohicho au jirani anayeweza kutembea nao wiki hii? Aandike faragha kwa mleta uzi.

#49 Binti wa Mabibo
Mimi nipo mji huo hadi mitihani iishe. Nimekuandikia.

#50 Mtemi wa Kasulu
Wakili, kabla hujalala: msimamizi wa grupu aliyeona yote akanyamaza, naye ana kosa kisheria au ni la chuo tu? Na mwenye sheria ndogo za wanafunzi za chuo chochote cha umma aweke hapa kipengele cha lugha ya matusi, tulinganishe.